Mkono gani unafaa Thorens TD 124 iliyokuja bila mkono? Nna Denon DL-103 na Shure ya zamani

santuri_za_baba

Habari za humu wakuu. Naomba mawazo yenu maana nimesoma mpaka kichwa kimejaa, kila ninapopita naona watu wanataja jina la mkono tu, huu mzuri ule mbaya, hamna anayesema kwa nini.

Nimeachiwa pleya ya Thorens TD 124, ile ya Uswisi iliyoanza kutoka 1957, inayozungushwa na mkanda na gurudumu la mpira kwa pamoja, ina spidi nne mpaka ile ya 78. Nimeisafisha taratibu, nikaweka oili, mota inazunguka kimya, taa ndogo ya kuangalizia spidi inawaka na mistari inasimama tuli. Kilichokosekana ni mkono, ule unaobeba sindano juu ya santuri. Aliyekuwa nayo aliung'oa siku nyingi, umebaki ubao wake tu pembeni una tundu refu la mviringo kama yai lililovutwa, nadhani ulifungwa mkono wa SME enzi hizo.

Katriji, yaani vile vichwa vyenye sindano, nnazo mbili. Moja ni Denon DL-103, hii ndo nnayoipenda na ndo nataka iwe ya kila siku. Ya pili ni Shure V15 Type III ilikuja na santuri nilizoachiwa, sindano yake bado nzima. Mikono niliyoona inauzwa ya mkononi ni SME 3009 ya zamani, Jelco mmoja, na Rega RB300. Alafu kuna hii mikono mirefu ya inchi 12, kwa kweli nikiiona kwenye picha moyo unadunda.

Naombeni mnisaidie nichague upi na kwa sababu gani, na kama itabidi nitoboe ubao mpya au la. Sitaki kukosea maana hii pleya nimeanza kuisikiliza nikiwa mtoto nimekaa chini sakafuni mbele yake.

fundi_sindano

Karibu mkuu, na hongera kwa kuitunza, hizo pleya zilitengenezwa kwa watu wa kuzitunza.

Ngoja nianzie mahali ambapo wengi wanaruka. Mkono haupo peke yake. Sindano ya katriji yako imekaa kwenye kijiti kidogo kilichoshikwa na mpira, na huo mpira ni springi. Mkono pamoja na katriji ni mzigo uliokaa juu ya hiyo springi. Springi yoyote ukiiwekea mzigo ina mwendo wake wa kuyumba, mzigo ukiwa mkubwa inayumba polepole, mzigo ukiwa mdogo inayumba harakaharaka. Sasa kazi yako wewe kwenye kuchagua mkono ni kuhakikisha huko kuyumba kunaangukia mahali ambapo hakuna kitu. Chini kabisa, kwenye 6 Hz (mitikisiko 6 kwa sekunde) kushuka, kuna santuri iliyopinda, kuna mtu anatembea sakafuni. Juu, kuanzia 20 Hz kwenda mbele, kuna muziki wenyewe. Katikati hapo kama 8 mpaka 12 Hz pametulia, ndo unapotaka iangukie.

Hesabu yake ni rahisi mno wala isikutishe. Chukua uzito wa mkono unaosikiwa na sindano, jumlisha uzito wa katriji na skrubu zake, zidisha kwa ulaini wa katriji, tafuta kipeuo cha pili, alafu 159 gawanya kwa hilo jibu. Unapata Hz.

Na nikisema uzito unaosikiwa na sindano simaanishi uzito wa kuweka mkono mzima kwenye mizani. Namaanisha ule ugumu ambao sindano inaupata ikitaka kuusogeza mkono. Kitu kilichopo mbele kabisa kule kwenye hedisheli, kile kichwa kinachofungwa katriji, kinahesabika karibu chote, gramu kwa gramu, ila ule uzito mkubwa wa nyuma uliopo karibu na egemeo, pale mkono unapozungukia, unahesabika kidogo tu hata kama ni chuma kizito, kwa sababu umbali kutoka kwenye egemeo unajizidisha wenyewe kwa wenyewe. Ndo maana ukibadilisha hedisheli ya gramu 7 ukaweka ya gramu 12 umeongeza karibu gramu 5 nzima.

Haya tuje kwenye zako. DL-103 ina gramu 8.5 na inataka mgandamizo, yaani uzito wa sindano juu ya santuri, wa gramu 2.5. Ulaini wake kwenye karatasi umeandikwa 5, lakini Wajapani wanapima kwenye 100 Hz, kwa hesabu yetu ya huku chini watu wanazidisha kwa moja na nusu mpaka mbili, tuseme 10. Ukiifunga kwenye mkono wa gramu 14 unapata 14 na 8.5 na skrubu gramu 1, jumla 23.5, mara 10 ni 235, kipeuo chake 15.3, jibu 10.4 Hz. Pazuri kabisa. Ukiifunga kwenye mkono mwepesi sana wa gramu 6 na nusu unapata kama 12.6 Hz. Sio kwamba itakataa kupiga, ila ile springi ngumu itakuwa inautikisa mkono badala ya mkono kutulia na kuacha sindano ifanye kazi, na besi yake utaisikia imekonda.

Sasa geuza. Shure V15 Type III ni laini, watu wengi wanaihesabu kama 30, ina gramu 6 hivi na inapigwa na mgandamizo wa robo tatu ya gramu mpaka gramu 1 na robo. Iweke kwenye ule mkono wa gramu 14 uone: jumla 21, mara 30 ni 630, jibu 6.3 Hz. Umeingia kwenye eneo la santuri zilizopinda. Kwenye mkono mwepesi wa gramu 6 na nusu ile ile inakupa karibu 8.

Kwa hiyo mkuu, hizo katriji zako mbili zinataka mikono miwili tofauti, na hakuna mkono mmoja utakaozifurahisha zote sawasawa. Umesema DL-103 ndo ya kila siku. Basi chagua mkono wa DL-103, Shure itunze kwenye boksi lake mpaka siku utakapopata mkono wake. Ukijaribu kutafuta wa katikati utapata mkono ambao kila katriji inaulalamikia.

BintiGramafoni

Fundi kasema vizuri sana. Mi naongezea kwenye hiyo mikono ya inchi 12 kwa sababu naelewa moyo kudunda, niliwahi kuutaka sana nikausikiliza mara nyingi kwa rafiki yangu.

Faida yake ipo na ni ya kweli. Santuri ilikatwa na mashine inayokwenda mstari ulionyooka kutoka pembeni mpaka katikati, mkono wetu unazunguka kwenye egemeo kwa hiyo sindano inachora tao, inakuwa imenyooka na mfereji sehemu mbili tu, kwingine kote imepinda kidogo. Mkono wa inchi 9 ukifungwa vizuri unapinda kama nyuzi 2 pale panapozidi kabisa, wa inchi 12 kama moja na nusu. Ni tofauti, ila sio kubwa kama watu wanavyoisema, na ukiufunga mkono mrefu vibaya kwa milimita chache ile faida yote imeisha.

Hasara yake kwanza ni uzito, bomba refu ni zito na uzito wenyewe umekaa mbali na egemeo. Kwa DL-103 hilo halina shida, kwa Shure ndo usahau kabisa. Pili ni nafasi. SME 3009 egemeo lake linakaa milimita 215 hivi kutoka kipini cha katikati, 3012 ambao ndo wa inchi 12 unakaa kama milimita 295. Hizo ni sentimita 8 zaidi. Ubao wa mkono wa TD 124 uko ndani ya mwili wa pleya na ulipangwa kwa mikono ya inchi 9, ukitaka mrefu utahitaji ubao unaochomoza nje au kasha jipya kubwa lenye sehemu yake ya kusimamisha mkono, na ikisimama mbali hivyo lazima hiyo sehemu iwe imeshikana na pleya kama kitu kimoja, la sivyo mkono unatikisika kivyake na sahani kivyake, alafu sindano inasoma tofauti yao kana kwamba ni muziki.

Kwa hiyo ushauri wangu anza na inchi 9. Hilo tundu refu la yai ni la SME kweli, miguu yake inateleza mbele na nyuma kwenye reli na ndo unavyorekebisha umbali, katriji yenyewe haisogei kwenye hedisheli.

mpenda_mfereji

Mi natofautiana kidogo na hapo juu. Kwa nini hamumwambii achukue Rega RB300 akatulia? Ule mkono tangu 1983 umetengenezwa kwa kumimina kipande kimoja toka mwanzo mpaka kwenye hedisheli, hamna kiungo cha kulegea, beringi zake zimebana, gramu 11 hivi. Nimepiga hesabu ya fundi hapo juu naona DL-103 inaangukia 11.1 Hz, hiyo ni salama kabisa. Mikono ya zamani ina historia nzuri ila nyingi imechoka.

fundi_sindano

@mpenda_mfereji uko sawa kabisa kwenye hesabu na hata kwenye beringi, RB300 ni mkono wa kuheshimika na nimeufunga mara nyingi. Nnachokiona kwa huyu ndugu ni mambo mawili. La kwanza hauna namna ya kupandisha na kushusha urefu wa egemeo, unaongeza vipande vya kuinulia chini ya mkono, na usipopata unene unaofaa mkono unainama mbele au nyuma. Kwenye pleya iliyoundiwa huo mkono hilo lilishafanywa kiwandani, kwenye pleya ya mwaka 1957 ni wewe na rula yako. La pili anazo katriji mbili, siku akitaka kuonja Shure itabidi afungue skrubu mbili ndogo na waya nne nyembamba kila mara. Hedisheli ya kuchomoa ingemsaidia, unafungua kola, unatoa moja unaweka nyingine, unapima mgandamizo upya, basi.

Akiupata RB300 mzima na akakubali kutengeneza ubao mpya asiuache kwa sababu yangu.

mzee_kipini

Wanangu salaam. Mmesema mengi ya maana, mi nataka kusema habari ya kukagua mkono wa zamani kabla hujalipa, maana hapo ndo watu wanaumia.

Niliwahi kununua mkono mmoja mzuri sana kwa macho, unang'aa kama jana. Jina lake siliweki hapa kwa sababu kosa halikuwa la aliyeutengeneza, uliharibiwa na mtu aliyeufungua bila vifaa. Nikaufunga, nikapanga kila kitu kwa rula na subira, santuri ikapiga vizuri nusu ya kwanza, ila ikifika nyimbo za ndani kule karibu na lebo kila herufi s ya mwimbaji inatoka imekwaruzika. Nikabadilisha katriji, nikaongeza mgandamizo, nikapanga upya kila kitu, wiki tatu nzima. Jioni moja nimeushika mkono kwa vidole viwili pale mbele kwenye hedisheli, mkono mwingine nimeushika nyuma, nikausukuma taratibu kulia kushoto. Nikasikia tik. Kitu kidogo sana, kama kucha ikigusa kioo. Beringi ilikuwa na nafasi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Ushike hivyo nilivyosema, sukuma pande zote, mbele nyuma juu chini, bila nguvu. Usisikie tik wala kuhisi mchezo wowote. Alafu rudisha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe hewani bila kupanda wala kushuka, zima antiskeiti (kile kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati), sasa puliza kidogo pembeni yake, pumzi tu. Mkono mzuri unasogea na kusimama popote bila kushtuka. Ukiona unakwenda unakwama alafu unaruka, au unarudi palepale ulipotoka, kuna beringi iliyokauka au waya za ndani zimekakamaa zinauvuta.

Angalia na uzito wa nyuma. Mikono mingi ya zamani uzito huo umeshikwa kwa mpira ili usipeleke mtetemo mbele, na mpira ukizeeka unalegea, uzito unainama kama kichwa cha mtu aliyesinzia kwenye kiti. Hiyo inatengenezeka, mpira unabadilishwa, ila ujue kabla.

Ukiangalia SME 3009 kumbuka ule haupandi na kushuka kwa beringi za duara, umekaa juu ya makali kama kisu. Za mwanzo kisu kilikuwa chuma, baadhi za baadaye ni nailoni na nailoni inapasuka. Uliza, omba picha ya pale. Zipo za chuma za kubadilishia. Na uulize ni toleo gani, maana 3009 ni jina la familia. Ile ya Improved yenye hedisheli isiyochomoka ni nyepesi mno, hiyo ni ya Shure yako, DL-103 hapana. Za zamani zaidi zenye hedisheli ya kuchomoa ndo unaweza kuziongezea uzito mbele.

santuri_za_baba

Asanteni sana wakuu, na mzee kipini shikamoo. Sikuwahi kuelezwa hivi. Nimekaa na kalamu nimepiga hizo hesabu zote mwenyewe na zimekubali.

Kwa hiyo kama nimeelewa, chaguo langu ni 3009 ya zamani yenye hedisheli ya kuchomoa, nzito kidogo, au Jelco ambao nao una hedisheli ya aina hiyohiyo. Kuna jambo lolote la TD 124 yenyewe ambalo linaweza kunisumbua hata kama mkono ni sahihi?

lehemu_na_waya

Lipo na nilikuwa nasubiri mtu alitaje. Sahani ya TD 124. Hiyo sahani kubwa ya chini ina zaidi ya kilo 4 na ni chuma cha kumimina, yaani sumaku inaipenda. Ile ya juu nyembamba ni aluminiamu haina neno. Sasa DL-103 ni katriji ya koili inayotembea na ndani yake kuna sumaku yenye nguvu. Ukiishusha kwenye santuri sumaku inavutwa na chuma kilichopo chini na mgandamizo unaongezeka juu ya ule uliopima. Unaweka gramu 2.5 kumbe sindano inabeba zaidi, na inabadilika ukiweka santuri nene au nyembamba kwa sababu umbali umebadilika.

Wapo wengi wanaitumia hivyohivyo na wanafurahi, sio sababu ya kuacha. Ila pima. Mkono ukishafungwa uelee hewani ukiwa nje ya sahani, alafu uusogeze juu ya sahani uushushe karibu na usawa wa santuri. Ukiona unaanza kushuka wenyewe ujue sumaku inavuta. Dawa ni kuweka matandiko manene zaidi juu ya sahani ili katriji ikae mbali na chuma, mkono unaupandisha kwa kiasi hichohicho, au kutafuta sahani isiyovutwa na sumaku, zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya pleya hii. Na mizani ya kupimia mgandamizo hakikisha haina chuma, la sivyo itakudanganya vilevile.

Jambo la pili ni gurudumu la mpira. Kama limekauka au lina sehemu bapa kwa kusimama miaka mingi likiwa limebanwa, utasikia mngurumo chini ya muziki na utadhani ni mkono. Sikiliza hapo kabla hujaulaumu mkono wowote. Na zile mpira ndogo zenye umbo la uyoga zinazobeba pleya kwenye kasha, zikiwa zimebonyea zibadilishe zote nne.

santuri_za_baba

Nimerudi. Sina mkono bado lakini nimejaribu hiyo habari ya sumaku kwa njia yangu. Nimeiacha DL-103 na kifuniko chake cha sindano, nimeifunga kwenye hedisheli, nikaininginiza kwa uzi wa kushonea mrefu kutoka kwenye kijiti cha mbao. Nikaisubiri itulie kabisa. Alafu nikaisogeza taratibu kuelekea ukingo wa sahani, ule ukingo wa chuma wenyewe. Kama kidole kimoja hivi kabla haijafika ule uzi ukaanza kupinda, katriji ikageuka yenyewe ikaelekea kwenye sahani kama imeitwa. Nikabaki nimekaa naiangalia. Nikarudia kutokea juu, sahani ya aluminiamu na raba vikiwepo, uvutaji upo ila ni mdogo zaidi, unausikia tu uzi ukikaza.

Kwa hiyo nimeamini. Nadhani ntaanza na matandiko ya milimita 3 zaidi alafu nipime.

Na kuhusu mkono nimempata mtu mwenye 3009 yenye hedisheli ya kuchomoa, nimemuomba picha ya kisu, ni chuma. Jelco naona kampuni yenyewe ilifunga 2020 kwa hiyo ukiharibika ni kuhangaika, ingawa mkono wenyewe ni mzuri. SME unaingia kwenye ubao wangu wa zamani bila kutoboa na mimi ule ubao natamani ubaki. Hedisheli niweke ya gramu ngapi?

fundi_sindano

Hilo jaribio la uzi ni zuri sana mkuu, nami ntalitumia.

Tafuta hedisheli ya gramu 12 mpaka 15. Kabla ya kununua angalia kama uzito wa nyuma wa mkono huo unaweza kuisawazisha, maana DL-103 pamoja na hedisheli unakaribia gramu 24 na baadhi ya 3009 uzito wa nyuma zilizotoka nao ni mdogo. Muulize muuzaji kama ana uzito wa nyongeza. Ukikosa, anza na hedisheli nyepesi zaidi alafu weka kibati chembamba cha shaba kati ya katriji na hedisheli, unaongeza gramu 2 au 3 unasikiliza.

Kujua kama umefika, chukua santuri moja iliyopinda kidogo usiyoionea uchungu. Lala kichwa chako kiwe usawa wa sahani, taa iwe nyuma yake, angalia nafasi kati ya tumbo la katriji na santuri. Mlima ukipita, katriji inatakiwa ipande na kushuka pamoja na santuri, ile nafasi ibaki ileile. Ukiona tumbo linazama na kuinuka wakati sindano ipo palepale, yaani nafasi inafunga na kufunguka, bado uzito na ulaini havijakubaliana. Angalia na spika za besi, zisiwe zinapumua ndani nje wakati hakuna besi.

BintiGramafoni

Kwenye kupanga umbali, usipime kwa kubahatisha ukingo kwa ukingo, ni ncha kwa ncha, katikati ya kipini mpaka katikati ya egemeo. Alafu tengeneza karatasi yenye vituo viwili, zile sehemu mbili sindano inaponyooka na mfereji, milimita 66.0 na milimita 120.9 kutoka katikati ya kipini, ndo vile vya hesabu ya Baerwald ya mwaka 1941. Shusha sindano kwenye kituo, angalia kijiti cha sindano chenyewe kiwe sambamba na mistari, usiangalie boksi la katriji kwa sababu kijiti kinaweza kuwa kimekaa upande kidogo. Kwa SME unasogeza mguu mzima kwenye reli mpaka kikae sawa, unabana skrubu kidogo kidogo huku na huku, ukibana upande mmoja kwanza unateleza. Ukisikiliza sana nyimbo za mwisho wa santuri kuna watu wanapenda vituo vya Stevenson, 60.3 na 117.4, ila hedisheli ya SME ina pembe yake iliyowekwa kwa hiyo usishangae kama kituo kimoja kinakaa sawa na kingine kinakosa kidogo. Chagua kile cha ndani kikae sawa, huko ndo mfereji umebana na makosa yanasikika.

lehemu_na_waya

Waya sasa. Mkono wa umri huo karibu lazima soketi ya chini isafishwe, na zile pini nne za kwenye hedisheli zifutwe kwa spiriti mpaka ziwe zinang'aa, ukisikia upande mmoja unakatika anzia hapo. Rangi ni nyeupe kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Kama utalehemu kwenye katriji usithubutu kugusa pini za katriji na kifaa cha moto, lehemu kwenye vibano vikiwa nje alafu uvivalishe, joto linapanda mpaka kwenye koili na DL-103 imeisha.

Waya wa tano ni wa ardhi, huo unatoka kwenye mwili wa mkono unaenda kwenye amplifaya, na mwili wa pleya nao uwe na wake. Ukisikia mvumo wa umeme unaopungua ukigusa chuma cha mkono ujue mmoja haujashika.

mzee_kipini

Na ukishaufunga usibane antiskeiti kwa nguvu siku ya kwanza. Ile ya SME ni kiuzito kidogo kilichoning'inizwa kwa uzi, weka kwenye alama ndogo, sikiliza sauti ya kinanda iliyo katikati, ikikwaruza upande mmoja tu ndo uongeze.

Mwanangu ukipiga ya kwanza anza na ile santuri baba yako aliyokuwa anaipenda, usianze na ya majaribio.

santuri_za_baba

Ntafanya hivyo mzee. Mkono nimeshalipia, unakuja. Ile santuri nimeshaitoa kwenye jaladi nimeiosha leo asubuhi, ipo imesimama inakauka.